Unaanzaje kucheza Mafia kwa kuandikiana: mwongozo wa wageni kutoka mwaloni

Wakuu habari za saa hizi. Naandika hii kwa sababu kila tukifungua mchezo mpya inboksi yangu inajaa maswali yaleyale, nacheza vipi, nikipewa mwizi nafanyaje, mbona nimetolewa siku ya kwanza na sijakosea kitu, refa ni nani na kwa nini hanijibu. Hayo maswali nimeshayajibu nikiwa kwenye daladala ya Buhongwa, nimeyajibu nikisubiri kivuko pale Kamanga, na juzi nimejibu watu wanne usiku mmoja mpaka nikasahau nani nimemwambia nini. Kwa hiyo leo naweka yote sehemu moja, mtu akikuuliza mtumie hii.

Mchezo wenyewe kwa kifupi

Mafia aliuanzisha Dimitry Davidoff mwaka 1986, alikuwa anasoma saikolojia Chuo Kikuu cha Moscow. Watu wanakaa duara, wachache kati yao ni wabaya na wanajuana, waliobaki ni wema na hawajui nani ni nani. Usiku wabaya wanamtoa mtu mmoja, mchana wote wanajadiliana na kupiga kura kumtoa wanayemshuku. Mwaka 1997 Andrew Plotkin wa Marekani akaubadilisha sura, wabaya wakawa watu wanaogeuka mbwa mwitu, ukaitwa Werewolf. Na kama umewahi kucheza Among Us basi wazo unalo tayari.

Sisi tunaucheza kwa kuandikiana. Hapo ndipo wageni wengi wanapotea, kwa sababu huwezi kumuona mtu anavyotokwa jasho wala sauti inavyobadilika, una maneno yake tu na saa aliyoyaandika. Lakini maneno hayo hayapotei, unaweza kurudi nyuma ukasoma alichosema juzi saa nne asubuhi ukalinganisha na anachosema leo. Mchezo wote uko hapo.

Wabaya wetu ni wezi wa mitumbwi, na kuna sababu

Kwetu kijiji ni mwalo, pale ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Wema ni wavuvi, wabaya ni wezi. Usiku wezi wanaiba mtumbwi wa mtu, aliyeibiwa anaondoka mwaloni, mchana watu wanakaa kikao wanamfukuza wanayemdhania. Hakuna anayekufa.

Watu wakianzisha michezo yao wanapenda kuwaita wabaya wachawi, kwa sababu ndilo neno linalokuja haraka. Naomba sana usifanye hivyo, hasa sisi wa Kanda ya Ziwa. Huku bibi zetu wameuawa kweli kwa kuitwa wachawi, mtu amepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini, moshi umemgeuza macho mekundu, halafu macho hayohayo ndio yanafanywa ushahidi. Bibi yangu mzaa mama, Misungwi, alikuwa na macho hayo, nakumbuka alivyokuwa akipuliza moto jicho moja amelifumba na lile jingine linatiririka machozi. Siwezi kukaa kwenye grupu nikaandika "leo tunamtoa mchawi" nikaona ni burudani. Na kwenye grupu lako la watu tisa huwezi kujua nani nyumbani kwao kulitokea nini. Mwizi wa mtumbwi kila mtu anamchukia bila kumuumiza mtu yeyote wa kweli, tumia huyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Grupu la WhatsApp au Telegram la mchezo tu, lisiwe la ukoo wala la kazini. Zima ile ya meseji kujifuta zenyewe, bila kumbukumbu hakuna mchezo.
- Refa mmoja ambaye hachezi, yeye ndiye anayeendesha mchezo. Mgeni kabisa anaweza kuwa refa kama ni mtu makini, haihitaji ujanja, inahitaji kutunza siri na kutunza saa.
- Wachezaji 9, na wawili wa akiba.
- Bando la kawaida. Tunaandika maandishi tu, voisi noti na video marufuku, kwa sababu huwezi kuzitafuta baadaye na zinamaliza bando la watu.
- Daftari au sehemu ya kuandikia kwenye simu. Hili watu wanalidharau halafu siku ya tatu wanauliza "hivi Sato alimpigia nani kura?"
- Dakika 20 hadi 30 kwa siku. Kama huna, subiri mchezo ujao, hakuna atakayekulaumu. Ukijiunga halafu ukapotea unawaharibia wenzako wanane.

Majina: sisi kila mchezaji anapewa jina la samaki wa ziwani, Sangara, Sato, Furu, Kamongo, Kambare, Gogogo, Ningu, Nembe, Domodomo. Inasaidia sana mtu asichukulie tuhuma kama imemgonga yeye binafsi, ukiambiwa "Gogogo unadanganya" sio sawa na kuambiwa kwa jina ulilopewa na mama yako.

Hatua 1 mpaka 4 ni za refa, zilizobaki ni za mchezaji. Lakini soma zote, ukijua refa anafanya nini hutamsumbua.

1. Panga hesabu ya watu

Kwa grupu geni weka watu 9: wezi 2, mpelelezi 1, mlinzi 1, wavuvi 5. Mpelelezi kila usiku anamuuliza refa kuhusu mtu mmoja, refa anajibu "mwizi" au "sio mwizi", basi. Mlinzi kila usiku analinda mtumbwi wa mtu mmoja, wezi wakienda hapohapo wanakosa. Asilinde mtu yuleyule usiku mbili mfululizo.

Wema wanashinda wezi wote wakishafukuzwa. Wezi wanashinda wakifika idadi sawa na wema, kwa sababu hapo hakuna tena kura ya kuwatoa.

Kwa nini 9 na sio 7? Piga hesabu. Mkiwa 7 na wezi 2, mkimtoa mwema mchana na wezi wakaiba usiku mnabaki 5, mkikosea tena mnabaki 4, wawili kwa wawili, mmeisha. Yaani mnaruhusiwa kosa moja tu, na kwa wageni kosa la siku ya kwanza ni kama lazima. Mkiwa 9 mnaweza kukosea mara mbili na bado mkawa na siku ya tatu ya kupambana.

Usiongeze nafasi nyingine. Najua mtandaoni utakuta orodha ndefu za nafasi, huyu anapiga kura mbili, yule anafufua watu, achana nazo mpaka mmecheza michezo mitatu.

2. Andika kanuni, uzipini juu

Mchana wa mchezo ni saa 48, usiku wake saa 24. Kufunga ni saa 3 kamili usiku, na uandike pia 21:00, tulikuwa na mchezaji yuko nje ya nchi akasoma "saa 3" kama saa 3 ya kwao, kura yake ikakosekana na ndiyo ingeamua.

Hakuna kuongea mambo ya mchezo nje ya grupu, wala kwa simu wala mkikutana kijiweni. Hakuna kurusha skrinishoti ya alichokutumia refa. Hakuna kuhariri wala kufuta meseji, ukikosea andika nyingine chini yake. Hakuna hela, hakuna "nikiokoka nawatumia vocha".

Na hii naiandika peke yake kwa sababu ndiyo inavunjwa zaidi: HAKUNA KUAPA. Mtu akishikwa kidogo tu anaandika "haki ya Mungu mi sio mwizi", "wallahi", "naapa kwa mwanangu". Mkiruhusu, mmoja ataapa, wa pili ataombwa aape, na yule mwizi ambaye ni mtu wa dini atakataa, mtakuwa mmemkamata kwa imani yake na sio kwa mchezo. Au mbaya zaidi ataapa uongo kwa sababu ya mchezo. Refa akiona kiapo anamtoa mtu siku hiyohiyo.

3. Gawa nafasi

Usichague wewe, utakuwa unapendelea hata bila kujua. Andika nafasi tisa kwenye vikaratasi, kunja, tia kwenye bakuli, vuta kimoja kimoja ukitaja jina la samaki kwa mpangilio. Piga picha ubaki na kumbukumbu.

Halafu tuma kwa kila mtu inboksi, kila mtu, hata mvuvi. Meseji zote ziwe na urefu unaokaribiana. Wengi wa wachezaji wetu wanakaa hosteli moja kule Malimbe, mtu akiona mwenzake kapata meseji ndefu ya mistari kumi na yeye kapata mistari miwili, mchezo umekwisha kabla haujaanza. Subiri wote tisa wajibu "nimepata" ndio ufungue.

Kosa kubwa la refa mgeni: kutuma orodha kwenye grupu badala ya inboksi. Mimi limenipata, nilituma majina ya wezi kwenye grupu kubwa saa mbili usiku, nikafuta ndani ya sekunde kumi na bado watu watatu walikuwa wameshasoma. Tangu siku ile grupu kubwa naliweka kwenye kumbukumbu za chati ninapogawa nafasi, silioni kabisa mpaka nimalize.

4. Fungua usiku wa kwanza

Funga grupu, weka wasimamizi pekee ndio watume. Tengeneza grupu dogo la wezi na wewe humo. Usiku wa kwanza hakuna kuiba, wezi wanajuana tu, mpelelezi anauliza mtu mmoja. Tunafanya hivi makusudi ili asiwepo mtu wa kutoka kabla hajaandika hata neno moja, inaumiza sana mgeni kungoja wiki nzima halafu anatolewa amelala.

Kila usiku wachezaji wote wakutumie kitu, mvuvi wa kawaida atume tu "nimelala". Sababu ni ileile ya hosteli.

5. Siku ya kwanza, ongea mapema

Usiku ukiisha refa anafungua. Sasa hapa ndipo kunapokuwa kimya, watu tisa wanaangaliana, hakuna ushahidi, hakuna aliyeibiwa, wote wanasubiri. Wageni wanadhani kukaa kimya ni salama. Kwa mvuvi kukaa kimya ni kumsaidia mwizi, kwa sababu mwizi anachotaka ni siku ipite bila watu kusema kitu cha kusomeka.

Kwa hiyo sema kitu chochote chenye msimamo. Uliza swali linalomlazimu mtu kujibu kwa jina: "Kambare, kati ya Ningu na Nembe ungemtoa nani sasa hivi?" Jibu lolote atakaloandika litakuwa na faida siku ya tatu, hata kama leo halina maana.

Usipaniki ukitajwa wewe. Kutajwa siku ya kwanza ni kawaida, jibu swali uliloulizwa, halafu endelea na yako. Anayeandika meseji kumi za kujitetea na haulizi mtu mwingine chochote anaonekana vibaya, hata kama ni mwema.

6. Tuhumu kwa kunukuu

Tuhuma mbaya ni hii: "Furu nahisi ni mwizi, simuelewi tu." Furu atajibu nini hapo? Na wenzako watafuata nini?

Tuhuma nzuri ni hii: "Furu, saa 4 asubuhi umesema humuamini Sato hata kidogo. Saa 8 umeombwa kura umempa Kamongo. Katikati hapo nimesoma, Kamongo kaandika meseji moja tu ya salamu. Nini kimebadilika?" Shika meseji yenyewe, ibonyeze, jibu juu yake ili wote waione. Hapo Furu akiwa mwema atakuwa na sababu hata kama ni ya kijinga, akiwa mwizi mara nyingi atajibu kitu kingine ambacho hukumuuliza.

Na ukiona umekosea, badilika hadharani. "Nilimshuku Furu, jibu lake limeniridhisha kwa sababu hii, naenda kwa Nembe." Mtu anayebadilika na kueleza njia aliyopita ni rahisi kumuamini kuliko aliyeganda.

7. Piga kura kwa namna moja

Andika mstari wake peke yake, kwa herufi kubwa: KURA: FURU. Ukitaka kutoa andika NAFUTA KURA. Usichomeke kura ndani ya aya ndefu, refa hataiona.

Usitumie zile poli za WhatsApp. Najua ni rahisi, lakini kwenye poli mtu anabadilisha kura kimyakimya na ile ya mwanzo hamuioni tena. Sisi tunataka kujua nani alianza, nani alifuata, nani alikuja mwishoni na saa ngapi.

Kura za kutosha kumfukuza mtu ni zaidi ya nusu. Gawa kwa mbili, acha nusu, ongeza moja: mkiwa 9 ni kura 5, mkiwa 7 ni 4, mkiwa 5 ni 3. Zikifika, siku imefungwa hapohapo hata kama bado masaa yapo. Kwa hiyo angalizo, usitie kura ya tano kwa utani. Kura ya mwisho ina uzito kuliko zote nne za mwanzo na watu watakuuliza.

8. Siku ya pili, rudi nyuma ukasome kura

Hii hatua ndiyo naipenda kuliko zote, na ndiyo wageni wanairuka. Nawapa mfano wa mchezo mmoja tuliocheza.

Siku ya kwanza Furu alifukuzwa kwa kura tano, zikaja kwa mpangilio huu: Sato, Ningu, Kambare, Nembe, Gogogo. Refa akatangaza, Furu alikuwa mvuvi mwema. Usiku Ningu akaibiwa mtumbwi, naye mwema. Tukabaki saba: Sato, Kambare, Nembe, Gogogo, Kamongo, Domodomo, Sangara, na wezi wote wawili bado wapo ndani.

Watu wakaanza kumrukia Sato kwa sababu ndiye aliyeanza kumtaja Furu. Ni kawaida, anayeanza anaonekana. Lakini Sangara akarudi kusoma. Akakuta Sato alikuwa ameandika sababu, amenukuu meseji mbili za Furu, amekosea lakini alikuwa anafanya kazi. Kambare naye alisema "naungana na Sato kwenye ile nukuu ya pili" akaeleza. Alipofika kwa Gogogo akakuta kitu. Saa 5 asubuhi Gogogo aliandika "mi Furu simuoni kabisa kama mwizi". Saa 2 na dakika 50 usiku, zikiwa zimebaki dakika kumi, kura ziko nne, Gogogo huyohuyo akaandika KURA: FURU bila neno lolote juu wala chini.

Sangara akaziweka zile meseji mbili, moja juu ya nyingine, akauliza swali moja: "Masaa haya kumi ulisoma nini?" Gogogo akajibu kwamba alikuwa safarini Sengerema na mtandao unasumbua. Lakini alikuwa ameandika meseji nne katikati ya masaa hayo, zote za kumcheka Domodomo. Akatolewa kwa kura nne, alikuwa mwizi.

Sasa wa pili. Hapo usianze upya, tumia mwizi uliyemshika. Soma kila alichoandika Gogogo na uangalie nani hajamgusa. Alimtaja Sato, alimtaja Kamongo, alimtania Domodomo, alimuuliza Kambare na Sangara maswali. Lakini Gogogo hakumtaja Nembe hata mara moja kwa siku mbili, na Nembe naye hakumtaja Gogogo mpaka dakika ya mwisho kura zilipokuwa tatu tayari. Nembe akatoka siku ya tatu. Mpelelezi kwenye mchezo ule hakuwa na kazi kubwa, ilikuwa ni kusoma tu.

Sio kila mara itakuwa nyepesi hivyo. Kuna wezi wazuri wanawapigia kura wenzao mapema ili waonekane safi. Lakini mwanzoni utakutana na wageni wenzako, na hao karibu wote wanawakwepa wenzao.

9. Ukipewa wizi

Kwanza tulia, kuna watu wanaumwa tumbo wakiona hiyo meseji. Hujafanya kosa, umepewa upande mwingine wa mchezo, na bila mtu wa kuucheza vizuri wenzako hawana cha kusoma.

Andika kama unavyoandika siku zote. Ukiwa ni mtu wa utani endelea na utani, ukiwa ni mtu wa meseji fupi zisiwe ndefu ghafla. Chagua watu wawili unaowashuku "kweli" na utafute sababu za kweli kwenye maneno yao, zipo, wema nao wanajichanganya. Sema uongo mmoja tu, kwamba wewe ni mvuvi, vingine vyote viwe vya kweli ili usilazimike kuvikumbuka.

Kwenye grupu dogo msipatane kila kitu. Wezi wageni wanapanga mpaka maneno, asubuhi wote wawili wanaandika "kiukweli mi naona tumpe nafasi Sato" wakipishana dakika tano tu.

Usiku muibieni nani? Usikimbilie anayewashambulia nyie, kesho wote watajua alikuwa sahihi. Angalia anayeaminika na wengi.

10. Lini useme nafasi yako

Mvuvi unaweza kusema wewe ni mvuvi muda wowote, haina uzito. Mlinzi usiseme kabisa mpaka uwe unafukuzwa.

Mpelelezi subiri. Ukijitangaza siku ya kwanza ukiwa umemuuliza mtu mmoja na ni mwema, umewapa wezi zawadi, usiku wanakufuata na mlinzi akiwa mgeni hatakumbuka kukulinda. Toka hadharani ukishamkuta mwizi, au kura za kukufukuza zikikaribia kutimia na siku inafungwa. Ukitoka toka na vyote, nani, usiku upi, jibu gani.

Wakitokea wapelelezi wawili, jamani msichanganyikiwe, hiyo ni habari njema. Mpelelezi ni mmoja, anayedanganya hapo hatakiwi kuwa mvuvi, kwa hiyo mmoja wao ni mwizi. Mtoeni mmoja. Mkikosea mnajua kesho wa kumtoa. (Ndiyo maana mvuvi usijifanye mpelelezi hata kama unadhani unamkinga mwenzako, unaharibu hesabu hii nzima.)

11. Ukitolewa, nyamaza

Unaruhusiwa meseji moja ya kwaheri isiyo na habari ndani yake. Baada ya hapo hata emoji hapana. Nimeona mtu katolewa, halafu anaweka kidole gumba kwenye meseji ya mwenzake, wote tukajua. Soma tu kimya, ndio utajifunza zaidi kuliko ulipokuwa unacheza.

Mambo yakikwama

Mtu kapotea. Refa amtafute inboksi baada ya saa 24, asipojibu kwa saa 12 nyingine aingie wa akiba na achukue nafasi ileile. Mtumie chati yote kwa kuiekspoti asome. Msimfukuze mtu kwa sababu kapotea tu, mara nyingi mnamtoa mvuvi ambaye simu yake imezima.

Umeme umekatika mtaa mzima au mtandao uko chini. Ikiwa ni zaidi ya wachezaji wawili refa asogeze saa ya kufunga kwa saa 24, atangaze mara moja na sababu. Akisogeza kwa mmoja tu ataonekana anapendelea.

Kura zimelingana au hazijafika. Amueni kabla, sisi saa ya kufunga ikifika mwenye nyingi anatoka, zikilingana hakuna anayetoka.

Siri imevuja. Kama ni nafasi ya mtu mmoja refa amtoe aliyevujisha na mchezo uendelee. Kama ni wezi wote, funga, vuta vikaratasi upya, msijaribu kujifanya hamjaona.

Watu wamekasirikiana kweli. Utaijua, mtu anaacha kusema "Kambare" anaanza kutaja jina la kweli, au anaandika "we siku zote uko hivyo". Refa afunge grupu masaa sita, awapigie wote wawili, asiwaandikie, awapigie. Mara nyingi kinachouma ni kile alichoambiwa mbele ya watu na aliyesema hakujua. Akitaka kutoka mruhusu bila maneno, wa akiba yupo.

Wezi wanashinda kila mchezo. Angalia kama watu wanatoa sababu wakipiga kura. Kama bado wanapiga kwa "nahisi", wekeni kanuni kwamba kura bila nukuu haihesabiwi, mchezo mmoja tu, utaona tofauti.

Mkishazoea na mkataka kitu kizito zaidi kuna Diplomacy, ya Allan Calhamer, ilitoka mwaka 1959. Watu saba, ramani ya Ulaya ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vituo 34 vya kuteka, anayefikisha 18 kashinda, hakuna dadu, ni kuandikiana ahadi na kuamua lini uzivunje. Inachukua miezi mkicheza kwa kuandikiana. Msianze nayo.

Swali la mwisho ninaloulizwa ni mchezo mpya unaanza lini. Tunafuata mwezi. Siku za giza wenzetu wa dagaa wako ziwani usiku kucha na taa, saa 3 usiku hawawezi kupiga kura, mbalamwezi ikitoka dagaa hawafuati taa vizuri na watu wanabaki nchi kavu wakishona nyavu, simu mkononi. Kwa hiyo angalia juu, mwezi ukikaribia kujaa niandikie inboksi jina la samaki unalolitaka. Kamongo tayari limechukuliwa.